Pole Si Samahani

Kiswahili kina maneno mawili mahali ambapo Kiingereza kinajikaza na moja. Mtu akijikwaa mbele yako unamwambia "pole", ingawa lile jiwe hukuliweka wewe. Ukimkanyaga mtu kwenye matatu unamwambia "samahani", au kama ulilelewa na nyanya mkali, "nisamehe". Pole inaweza kutoka kwa yeyote aliye karibu. Samahani ina mwenyewe. Inatoka kwa yule aliyekanyaga.

Kwa miaka mitatu sasa nimekuwa nikizunguka na maneno haya mawili kichwani, kwa sababu ya mguu wa binamu yangu, na kwa sababu ya sharti moja lililo kwenye karatasi za bima ambazo wenye magari wengi hawajawahi kuzifungua. Swali lenyewe ni hili: mtu akikuumiza, halafu bima yake ikakulipa, deni lake limeisha?

Kwa sheria, ndiyo. Mimi naona hapana, na nitajaribu kueleza kwa nini bila kuitukana bima, kwa sababu haistahili matusi yote ambayo huwa tunaitupia.

Binamu yangu, mtoto wa shangazi, alikuwa anaendesha boda huku Eastlands. Jioni moja ya 2022, kwenye Barabara ya Jogoo, gari dogo lilimkatia mbele likiingia petroli stesheni bila kuwasha indiketa. Mfupa wa paja ulivunjika mahali pawili, na goti likaharibika. Dereva alikuwa mzee wa makamo, mpole, wa kuvaa sweta. Hakutoroka, na hilo nataka liandikwe wazi kwa sababu wengi hutoroka. Alimpakia kwenye kiti cha nyuma, damu na yote, akampeleka hospitali, akakaa kwenye benchi mpaka saa saba usiku, akamnunulia shangazi chai. Alisema pole labda mara hamsini. Kesho yake alikuja na ndizi na maji. Siku ya tatu alipigia kampuni yake ya bima simu kuripoti. Baada ya hapo hatukumwona tena mpaka siku ya mahakama.

Shangazi aliamua kwamba mzee ni mjanja tu. Binamu ndiye hakuelewa. "Huyu si ndiye alikuwa ananishika kichwa?" aliniuliza. Familia ilikuwa imenituma mimi kufuatilia karatasi, kwa sababu niliwahi kuingia chuo kikuu, ingawa nilitoka mwaka wa pili, na kwa sababu kuandika kwa laptop nyumbani kwetu kunahesabiwa kama kukaa bure. Kwa hiyo ni mimi niliyepanga foleni ya abstrakti ya polisi na fomu ya P3, na ni mimi ambaye wakili wetu aliniambia, akicheka kidogo, kwamba mzee si mbaya. Amekatazwa.

Ukisoma mkataba wa kawaida wa bima ya gari utakuta sharti linalosema hivi, kwa lugha ndefu kuliko hii: mteja asikubali kosa, asiahidi kitu, asitoe wala asilipe chochote bila kibali cha kampuni kwa maandishi. Baada ya ajali kampuni ndiyo inayoshika kesi. Inachagua wakili na inajitetea kwa jina la mteja. Mantiki ipo. Mtu aliyetoka kugonga mtu anatetemeka, na mtu anayetetemeka anaweza kusema "ni makosa yangu" hata kama si yake. Anayelipa bili hataki bili iandikwe na mtu aliyepigwa na mshtuko. Kibiashara naelewa kabisa. Lakini sharti hilo linaacha pole na kukataza samahani, na aliyelala wodini anajua tofauti hata kama hajasoma mkataba wowote.

Kabla sijaendelea, wacha niseme kile ambacho bima inafanya vizuri, kwa sababu nami sikukijua.

Thadi pati, ile bima ya bei ya chini ambayo kila gari ni lazima liwe nayo, ina jina ambalo hatulifikirii. Mtu wa kwanza ni mwenye gari. Wa pili ni kampuni. Wa tatu ni mtu ambaye bado hana jina: mama anayevuka barabara, mtoto anayetoka shule, boda aliye upande wako wa kushoto. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 405, inafanya kuwa kosa kutumia gari barabarani bila kinga hiyo. Yaani serikali inakulazimisha ulipe pesa leo kwa ajili ya mtu ambaye hujamuumiza bado na pengine hutamuumiza kamwe. Sijui sheria nyingine nyingi zinazomfikiria mgeni kiasi hicho.

Wazo la kumfikiria mgeni lina historia. Mwaka 1932, katika kesi ya Donoghue na Stevenson, iliyoanza na mama wa Scotland aliyedai kuwa alikuta konokono kwenye chupa ya soda ya tangawizi, Lord Atkin alichukua swali la Injili ya Luka, jirani yangu ni nani, akaligeuza kuwa swali la sheria. Jibu lake, kwa ufupi, ni kwamba jirani ni mtu ambaye nilipaswa kumfikiria kabla ya kutenda, kwa sababu kitendo changu kinaweza kumfikia. Kenya ilirithi sheria hiyo, na kesi nyingi za ajali hapa kwetu zinasimama juu yake. Binamu yangu alikuwa jirani wa yule mzee kwa sekunde mbili, pale kwenye kona.

Na hapa bima inafanya kazi ambayo dhamiri peke yake haiwezi. Dereva anaweza kuwa na majuto ya kweli na asiwe na hata shilingi elfu kumi. Majuto hayanunui chuma cha kuunganisha mfupa. Sura ya 405 inasema kwamba ukishapata hukumu dhidi ya dereva mwenye bima, kampuni inalipa, na hata kampuni ikiwa na haki ya kuuvunja mkataba na mteja wake, hiyo si sababu yenyewe ya kukunyima wewe. Ugomvi wao watajuana huko kando.

Ila kuna mipaka, na ni vizuri kila msee mwenye miguu aijue. Kwa mtu mmoja, kinga hiyo ya lazima inaishia kwa shilingi milioni 3. Hukumu ikizidi hapo, inayobaki ni ya mwenye gari mwenyewe. Thadi pati haitengenezi gari la mwenye bima, wala haimtibu dereva aliyejiangusha. Boda akiteleza peke yake kwenye mtaro, hakuna mtu wa tatu, na hakuna wa kumdai. Kwa hilo anahitaji bima ya ajali ya kwake binafsi, ambayo ni kitu kingine. Muda nao unakimbia: kesi ya uzembe inapelekwa kortini ndani ya miaka 3 tangu siku ya ajali, na kama gari ni la Serikali, ndani ya miezi 12. Dai lisilozidi milioni 1 linaweza kwenda Mahakama ya Madai Madogo, ambayo sheria inaitaka imalize kesi kwa siku 60. Tena kampuni yenyewe inaweza kufa. United Insurance iliwekwa chini ya msimamizi mwaka 2005, Blue Shield mwaka 2011, na zote mbili zilikuwa na matatu nyingi. Kuna mfuko wa kufidia wateja wa kampuni zilizoanguka, lakini hauzidi shilingi 250,000 kwa dai moja. Kwa hiyo mtu anaweza kushinda kesi, akashikilia hukumu yenye muhuri, na mguu wake ukabaki bila mlipaji.

Sasa turudi kwa yule mzee wa sweta, maana kuna karatasi moja iliyofanya shangazi alie kuliko siku ya ajali.

Tulipopeleka kesi, utetezi ulikuja kwa jina lake. Nilimsomea binamu akiwa amekaa sebuleni, mguu juu ya stuli. Ulisema kwamba ajali hiyo inakanushwa, haikutokea. Kwamba kama ilitokea, gari la mshtakiwa halikuhusika. Kwamba kama lilihusika, mshtakiwa hakuwa na kosa. Na kwamba ajali yote, kama ilitokea, ilisababishwa na mlalamishi mwenyewe, aliyekuwa akiendesha kwa kasi, bila uangalifu, bila kujali watumiaji wengine wa barabara. Shangazi alisema tu, "Na ile chai aliyoninunulia?" Binamu alinyamaza kidogo kisha akaniuliza, "Kumbe nilijigonga?"

Wakili wetu alisema tusiwe na presha, utetezi wa aina hiyo ni wa kunakili na kubandika, kila kesi unakuja hivyo hivyo. Na ni kweli. Mawakili huandika kila kinga inayowezekana, moja juu ya nyingine, kwa sababu usipoandika kinga yako leo huenda hutaruhusiwa kuitumia kesho. Hawakumaanisha kwamba ajali haikutokea. Walikuwa wanafunga milango. Lakini fikiria inavyosikika kwa mtu ambaye hajasoma sheria. Mzee aliyekushika kichwa barabarani sasa anasema, kwa maandishi, kwamba hakuwepo. Na nina uhakika kidogo kwamba mzee mwenyewe hakuwahi kuisoma hiyo karatasi. Iliandikwa na mtu asiyemjua, kwa ajili ya kampuni, ikatiwa jina lake.

Siku ya mahakama alikuja. Alikaa benchi mbili nyuma yetu, sweta lile lile. Binamu akageuka kumwangalia, na wakili wake akamgusa bega mzee, wakatoka nje. Baada ya dakika chache wakili wetu naye akatoka, na waliporudi walikuwa wamekubaliana: dhima 80 kwa 20. Mzee asilimia 80, binamu asilimia 20. Nikauliza ile 20 ni ya nini. Nikaambiwa ni kawaida, ni kuokoa muda. Kosa likiwa limegawanywa, hakukuwa na haja ya ushahidi wa namna ajali ilivyotokea. Kilichobaki ilikuwa hesabu ya pesa. Kwa hiyo hakuna mtu aliyewahi kusimama mbele ya mtu yeyote akasema kilichotokea kwenye ile kona.

Mwisho wa yote hakimu aliandika shilingi 1,200,000. Toa asilimia 20, zinabaki 960,000, kabla ya wakili. Ni pesa. Hatukuzidharau. Zililipa madeni ya hospitali na kufungua kibanda cha vifaa vya simu, kwa sababu boda kwa mguu huo ilikuwa imeisha.

Hesabu zenyewe zinafaa kuangaliwa, kwa sababu ndani yake kuna maadili ambayo hatuyaoni. Gharama ulizotumia zinarudishwa kwa risiti. Taxi ya kwenda kliniki bila risiti ni kama hukwenda. Maumivu yanapimwa kwa kuangalia kesi za zamani zenye majeraha yanayofanana, ili paja la leo lisipishane sana na paja la miaka mitano iliyopita. Katika hilo sheria ina usawa mzuri: uchungu wa wakili na uchungu wa mlinzi wa usiku huwekwa kwenye mzani mmoja. Lakini likija suala la kipato kilichopotea, huchukuliwa mapato ya mwezi na kuzidishwa kwa miaka ambayo ungefanya kazi, na hapo usawa unakwisha. Mwenye payslip ana ushahidi. Mama mboga na boda wana maneno yao tu, na mara nyingi wanaishia kuhesabiwa kwa mshahara wa chini uliowekwa na Serikali. Ajali moja, mfupa mmoja, na ukokotozi unatoa watu wawili tofauti.

Wengine husema kuweka bei kwenye mguu ni kumtukana mtu. Mimi siko upande huo. Kuna kesi ya Uingereza ambayo mahakama zetu hupenda kuitaja, West na Shephard, iliyoripotiwa 1964. Mama wa miaka 41 aliumia vibaya kichwani kwenye ajali ya barabarani, na haikuwa wazi ni kwa kiasi gani alielewa alichopoteza. Je, alipwe kwa hasara ambayo huenda haijui? Majaji watano waligawanyika, watatu kwa wawili, na walio wengi wakakubali alipwe pauni 17,500. Mmoja wao alikiri kwamba pesa haiwezi kuufanya upya mwili uliovunjwavunjwa. Walilipa wakijua haiwezi. Naona kuna heshima ndani ya hilo: kilichopotea ni cha kweli hata kama hakuna wa kukilalamikia, na njia pekee ambayo mahakama inaweza kusema hivyo ni kwa tarakimu.

Kwa hiyo pesa ni lazima, na pesa ina heshima yake. Swali langu linaanza pale pesa inapomaliza.

Hebu tuangalie njia nyingine, ya watu wa hapa hapa kwetu. Kwa ndugu zetu Wasomali wa Kaskazini Mashariki kuna dia, fidia ya damu, inayosimamiwa na wazee kwa njia ya maslaha. Azimio la Modogashe la 2001 liliandika kiwango: ngamia 100 kwa mwanamume aliyeuawa. Mzigo huo habebi muuaji peke yake. Ukoo wake unachanga. Ukiangalia kwa makini utaona ni bima: watu wengi wanalipa kidogo kidogo ili mmoja asizame na aliyefiwa asibaki mikono mitupu. Tofauti ni kwamba ukoo unakuja. Wazee wanakaa chini ya mti na wazee wa upande wa pili, jambo lililotendeka linatajwa, na anayelipa anajulikana anamlipa nani na kwa nini.

Sitaki kuipamba. Azimio hilo hilo liliweka ngamia 50 kwa mwanamke, nusu ya mwanamume, na mezani wanaokaa ni wanaume. Wapo walioumizwa ambao maslaha yaliwamaliza kwa kupatana juu ya vichwa vyao. Mahakama, pamoja na kunakili na kubandika kwake, haiwezi kuandika kwamba maisha ya dada yangu ni nusu ya yangu. Lakini dia inanionyesha kwamba kulipiwa na wengi na kuonana uso kwa uso vinaweza kwenda pamoja. Hakuna kanuni ya dunia inayosema ukishabebewa mzigo wa pesa basi ufichwe.

Na sisi wa mjini tuna bima yetu isiyo na stika. Kabla kampuni haijaamka, mguu wa binamu ulikuwa umeshabebwa na grupu la WhatsApp. Watu wa stendi ya boda, wa kanisa la shangazi, waliosoma naye darasa la nane, wakituma 200, wakituma 500, kila mmoja akiandika "pole bro". Wengi hawakuwa na chochote cha kulipa wala kosa lolote la kukiri. Pole yao ilitoka na doo. Ndiyo maana sisemi pole ni kitu kidogo. Ninasema tu kwamba ni kazi ya kila mtu, na kwa hiyo haiwezi kumaliza kazi ya yule mmoja.

Niliwahi kumuuliza binamu kama anamchukia yule mzee. Akasema hapana. "Mimi nilitaka tu aniambie ni yeye. Kwa sababu saa hii, kwa makaratasi, ni mimi asilimia ishirini." Nimeifikiria hiyo sentensi sana. Alikuwa amelala usiku mwingi akirudia ile kona kichwani, akijiuliza kama alikosa kuona kitu, na mtu pekee aliyekuwa na jibu alikuwa ameambiwa asifungue mdomo. Samahani ingempa kitu ambacho 960,000 hazikumpa: kujua kwamba kumbukumbu yake ni ya kweli. Mtu aliyeumizwa halafu akakanushwa anaumizwa mara ya pili, kwenye akili.

Mtu anaweza kuniambia kwamba mzee akikiri, kampuni itakataa kulipa, na binamu ndiye atakayepoteza. Inaonekana kama hoja nzito, na niliiamini mpaka niliposoma. Sura ya 405 inasema kwamba sharti la mkataba linalohusu jambo lililofanywa au kuachwa baada ya ajali halina nguvu dhidi ya dai la mtu wa tatu. Kampuni inamlipa aliyeumia, halafu ikitaka inaweza kumgeukia mteja wake na kumdai aliyevunja sharti. Kwa maneno mengine, anayebeba hatari ya samahani ni yule anayeisema. Na labda ndivyo inavyotakiwa kuwa. Neno ambalo halikugharimu kitu ni pole.

Nchi nyingine zimejaribu kuipunguza hiyo gharama. Jimbo la British Columbia huko Canada lilipitisha sheria mwaka 2006 kwamba kuomba radhi hakuhesabiwi kuwa kukiri kosa. Uingereza, mwaka huo huo, iliandika kwamba radhi au ahadi ya kumsaidia aliyeumia si kukiri uzembe kwa yenyewe. Hong Kong ikafuata mwaka 2017. Kuna kitu kinanikera hapo, kwa sababu samahani iliyowekewa kinga na Bunge inaanza kufanana na pole. Hata hivyo ningeipokea hapa kesho asubuhi. Kati ya samahani yenye kinga na karatasi inayosema ajali haikutokea, najua binamu yangu angechagua ipi.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Zamani, mtu akikuumiza, deni lake lilikuwa kubwa kiasi cha kumfanya akimbie: pesa, aibu, jela, ng'ombe wa baba yake. Bima imemtua mzigo mkubwa zaidi, ule wa pesa. Watu wengi wanachukulia kwamba kwa kuwa ule umetuliwa, mwingine nao umetuliwa. Mimi naona ni kinyume. Kwa kuwa pesa imeshabebwa na wengine, dereva hana tena sababu ya kukimbia ile sehemu iliyobaki, ambayo ni nyepesi mfukoni na hakuna kampuni duniani inayoweza kumbebea.

Kama una gari, au unapanga kununua, haya ndiyo ningekuomba. Soma mkataba wako kabla hujamgonga mtu. Ukimgonga, ripoti kwa polisi na kwa kampuni, na useme kilichotokea bila kupunguza wala kuongeza; kuwaambia polisi ukweli ni wajibu wako, na hakuna mkataba unaoweza kukuondolea. Nenda hospitali. Sharti linakataza kukubali kosa, kuahidi na kulipa. Halikatazi kukaa kando ya kitanda na kuuliza jana ulilalaje. Utetezi ukiandikwa kwa jina lako, mwambie wakili akuonyeshe kabla haujawekwa kortini. Ukikuta umeandikwa kwamba ajali haikutokea, kataa. Hilo jina ni la mama yako na baba yako, kampuni imeliazima tu.

Na kesi ikishaisha, pesa ikishalipwa, hati ya mwisho ikishatiwa sahihi, lile sharti la kutokubali kosa halina tena cha kulinda. Kampuni haina tena hasara ya kuogopa, na wakili ameshafunga faili. Mmebaki wawili, wewe na yule jirani wa sekunde mbili, na neno moja ambalo lilikuwa lako tangu mwanzo. Hata kama ni miaka mitatu baadaye. Mpigie.